Macho Hayana Pazia: Miwani ya Jua Kutoka Garissa Hadi Diff

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Walikuwa wakisema juu ya jicho ambalo huona hata pale ambapo halikualikwa. Lakini mtu akifika Diff mwishoni mwa mwezi wa Machi, saa sita na nusu za mchana, methali hiyo huipatia maana ya pili. Jua liko utosini. Kivuli chake kimejikunja chini ya miguu, na mwanga unaoshuka kutoka juu unakutana na ule unaorudishwa na mchanga. Kope hazitoshi. Hapo ndipo mgeni anapokumbuka kwamba hakubeba miwani ya jua. Tena hapo ndipo sokoni, iwe ni Diff au mji wowote wa kaskazini mashariki, anapokutana na mchuuzi mwenye ubao uliojaa miwani, kila jozi ikiwa na jina kubwa la Ulaya au Marekani, na bei yake ni shilingi mia tatu.

Makala haya ni juu ya mji huo, njia ya kuuendea, na swali moja linaloonekana dogo: utajuaje kama miwani unayouziwa ni halisi? Aidha, tukisema miwani ni "halisi", tuna maana gani hasa?

NJIA YA KUELEKEA MASHARIKI

Ukitoka Nairobi na kupita Thika na Mwingi, safari ya kwenda Garissa ni kama kilomita 370. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Garissa iko chini, mita mia moja na hamsini hivi. Kwa hivyo safari nzima ni ya kuteremka kuelekea kwenye joto. Mashamba ya mahindi hugeuka vichaka, na vichaka hugeuka miiba, mpaka unapoona ukanda wa kijani ambao ni Mto Tana, na daraja lake. Ukishavuka daraja, uko mkoa mwingine wa maisha. Salamu ni za Kisomali, chai ni ya maziwa yenye hiliki na tangawizi, na mkahawani utaletewa nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta ili isafiri na mfugaji siku nyingi bila kuoza.

Mjini Garissa liko soko linaloitwa Suuq Mugdi. Mugdi kwa Kisomali ni giza. Basi jina hilo ni Soko la Giza. Msomaji usiogope jina. Ni soko la watu wenye heshima zao, lenye nguo, vyombo na vikorokoro vya kila namna. Hata hivyo jina lenyewe linatupa funzo la kwanza la makala haya: usinunue miwani ya jua gizani. Ukiipenda jozi ndani ya kibanda, mwombe mwenye duka ruhusa utoke nayo hadi mlangoni kwenye mwanga. Muuzaji mwema hatakukatalia, maana kizuri chajiuza.

Kutoka Garissa barabara zinagawanyika. Moja huenda kaskazini kupitia Modogashe na Habaswein hadi Wajir. Nyingine huenda Dadaab, penye kambi za wakimbizi zilizofunguliwa mwaka 1991, na kuendelea hadi Liboi. Diff iko mashariki ya njia ya kwanza na kaskazini ya ile ya pili, katika eneo la Wajir Kusini, pale pale juu ya mstari wa mpaka wa Kenya na Somalia, karibu digrii moja kaskazini ya Ikweta. Ukiiona imeandikwa Diif katika karatasi za serikali, ujue ni mahali pale pale. Njia za kufika huko ni za mchanga na vumbi, na mvua kubwa ikinyesha, mikondo ya maji inayokaa kavu mwaka mzima hujaa ghafla na kukata safari.

Ikumbukwe pia kwamba huko si mahali pa kwenda kiholela. Mpaka huu umeona mashambulizi mengi tangu Kenya ilipopeleka majeshi yake Somalia mwezi wa Oktoba 2011. Mgeni asiye na shughuli huko hana budi kuuliza kwanza kwa maafisa wa usalama wa eneo, na kusafiri na wenyeji. Wengi wetu tutaishia Garissa. Lakini yanayotokea Diff ndiyo yanayoeleza vizuri zaidi jinsi miwani inavyotufikia.

MPAKA ULIOCHORWA MEZANI

Mstari unaopita Diff haukuchorwa na mfugaji. Kabla ya mwaka 1925, nchi ya Jubaland pamoja na bandari yake ya Kismayu ilikuwa sehemu ya koloni ya Kenya. Waingereza walikuwa wamewaahidi Waitaliano ardhi kama malipo ya kujiunga nao katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mkataba ukatiwa saini Julai 15, 1924, na tarehe 29 Juni 1925 Jubaland ikakabidhiwa Italia. Kuanzia siku hiyo ngamia waliokunywa maji upande mmoja na kulala upande mwingine wakawa wanavuka kutoka himaya ya mfalme mmoja kwenda ya mwingine, bila wao wenyewe kuarifiwa.

Waitaliano walikwenda zao lakini hawakuondoka kabisa. Hadi leo tambi huitwa baasto katika nyumba za Wasomali wa pande zote mbili, na neno hilo ni la Kiitaliano. Kwa hiyo Italia ni jina la zamani katika masoko haya. Mchuuzi anapokuonyesha maneno Made in Italy ndani ya mkono wa miwani, anataja nchi ambayo babu yake aliijua kwa chakula na kwa askari kabla ya kuijua kwa miwani.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu walivuka kwa maelfu, na biashara ikavuka pamoja nao. Wafanyabiashara waliofika Eastleigh, Nairobi, waligeuza vyumba vya nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge kuwa maduka, na humo ndimo ulimoanza mtindo wa majumba makubwa ya biashara yaliyojaa mtaa huo leo. Bidhaa zikawa zinatoka Dubai na baadaye China, zikishushwa Eastleigh, kisha zikisambazwa hadi miji ya mbali kabisa ya kaskazini.

Mwezi wa Januari 2007 Kenya ilifunga mpaka wake na Somalia. Mwezi wa Mei 2023 serikali ilitangaza kwamba ingeufungua kwa awamu, kuanzia Mandera, kisha Liboi, kisha upande wa Lamu. Julai mwaka huo huo mpango ukaahirishwa kwa sababu ya mashambulizi. Lakini kufungwa kwa mpaka katika karatasi hakukumfunga mlaji njaa. Sukari, tambi, mchele na maziwa ya unga yanayoshushwa bandari ya Kismayu yameendelea kupenya.

Sasa tazama jambo lenyewe. Bidhaa inayopita mpaka uliofungwa haina stempu ya forodha. Haikukutana na mkaguzi wa ubora. Haina risiti wala anwani ya mtu wa kurudishiwa ikiharibika. Nayo ile iliyotoka Eastleigh ikapita mikono minne au mitano kabla ya kufika ukingoni mwa nchi, risiti yake ilipotea zamani. Mahali kama hapo mkaguzi anabaki mmoja tu, naye ni mnunuzi.

NOTI YA BANDIA NA MIWANI YA BANDIA

Watu wa mpakani si wageni wa vitu vya kuigiza. Ng'ambo ya Diff iko sarafu ambayo kisa chake ni cha ajabu katika dunia nzima. Benki Kuu ya Somalia ilipoporomoka mwaka 1991, hakukubaki mamlaka ya kuchapisha shilingi ya nchi hiyo. Wakubwa wa vita na wafanyabiashara wakajichapishia. Shirika la Fedha la Kimataifa lilipopima hali hiyo, lilikadiria kwamba karibu asilimia 98 ya noti za shilingi ya Somalia zilizokuwa zikizunguka zilikuwa bandia. Pamoja na hayo noti hizo zilinunua mkate, chai na nauli. Kwa nini? Kwa sababu muuzaji na mnunuzi walikubaliana. Noti ni ahadi baina ya watu, na watu wakiamua kuipokea, inafanya kazi.

Kijana wa mjini anayevaa miwani yenye jina la kughushi hufanya hesabu hiyo hiyo. Anasema: mimi najua ni ya bandia, marafiki zangu wanajua, hata aliyeniuzia anajua, na wote tumeridhika. Nani ameumia?

Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama miwani ingekuwa pambo tu. Lakini miwani ya jua ina mtu wa tatu katika mapatano, ambaye ni jua lenyewe. Jua halisomi majina wala halipokei ahadi. Linapiga kioo, na kioo ama kinazuia miale ya hatari au hakizuii. Noti bandia itanunua mkate maadamu watu wamekubali. Kioo kibovu hakitalinda jicho hata kama soko zima litakubali.

JINA KUBWA LILITOKA WAPI

Tuchukue jina linaloigizwa kuliko mengi, Ray-Ban. Miwani hii ilianza kuuzwa mwaka 1937 na kampuni ya Marekani ya Bausch & Lomb, ikiwa imekusudiwa marubani waliosumbuliwa na mwanga mkali wa angani. Jina lenyewe lilikuwa na maana ya kupiga marufuku miale. Mtindo wa Wayfarer, wenye fremu nene ya plastiki, ulitoka mwaka 1952. Filamu ya Top Gun ya mwaka 1986 iliupa ule mtindo wa marubani umaarufu mpya. Mwaka 1999 jina hilo liliuzwa kwa kampuni ya Luxottica ya Italia, na Luxottica ikaungana na Essilor ya Ufaransa mwaka 2018.

Historia hii fupi si ya kujipamba. Inasaidia kumnasa mwongo. Ukionyeshwa miwani "mpya kabisa" iliyoandikwa Bausch & Lomb, jiulize imekuwaje mpya ikiwa kampuni hiyo iliachana na jina hilo mwaka 1999. Na ukiona miwani ya marubani ambayo mkono mmoja una jina la Ray-Ban na kioo kina nembo ya kampuni nyingine, usipoteze muda.

Haya hapa mambo ya kuangalia kwa wale wanaotaka hasa kulipia jina:

Kwanza, tahajia. Jina halisi lina kistari katikati. Waigaji huacha kistari, hubadili herufi moja, au huandika kwa mwandiko unaokaribia tu. Soma polepole, herufi moja moja, kama mwalimu anayesahihisha imla.

Pili, alama ndogo kwenye kioo. Ray-Ban za tangu zama za Luxottica huwa na herufi RB ndogo mno zilizochongwa kwenye kioo cha kushoto cha mvaaji, karibu na bawaba. Hazikupakwa rangi, zimechongwa, na ukizipitisha mwangani utaziona. Za zama za Bausch & Lomb zilikuwa na BL. Jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kona ya kioo cha kulia nalo liwe safi, lisilokwaruzika kwa ukucha.

Tatu, maandishi ya ndani ya mkono. Hapo pana namba ya mtindo inayoanza na RB, namba ya rangi, kipimo cha kioo na cha daraja la pua, na nchi ilikotengenezwa. Namba ya mtindo ilingane na miwani uliyoshika. Waigaji hupenda kupiga namba moja kwenye mitindo kumi tofauti. Basi chukua jozi mbili zisizofanana ubaoni ulinganishe. Zikiwa na namba moja, umepata jibu. Usitegemee nchi peke yake, kwani baadhi ya miwani halisi ya jina hilo imetengenezwa China, na maneno Made in Italy hayana ugumu wowote kuyapiga.

Nne, ufundi. Fungua na kufunga mikono. Bawaba za kweli huwa imara, mikono yote miwili hukaza sawa, na miwani ikiwekwa mezani haiyumbi kama kiti cha miguu mitatu. Pitisha kidole kwenye ukingo wa fremu. Mshono mkali wa plastiki ni dalili ya kalibu duni. Uzito pia husema. Nyingi za mitindo ya zamani ya marubani zina vioo vya kioo hasa, si plastiki, na ni baridi ukivigusa.

Tano, bei. Jozi mpya ya jina hili katika duka la miwani mjini aghalabu haipungui shilingi elfu kumi, na nyingi hupita hapo. Anayekuuzia kwa mia tatu na kuapa kwamba ni orijino anakuomba uamini kwamba yeye ana hasara kwa mapenzi yako. Kifuko, kitambaa na kijitabu visikudanganye. Hivyo ni rahisi kuigiza kuliko miwani.

KIOO CHENYEWE

Hadi hapa tumechunguza jina. Tuje sasa kwa jicho, ambalo ndilo lenye kesi.

Mwanga wa jua umebeba miale ambayo hatuioni, inayoitwa miale ya urujuanimno, na kwenye lebo za miwani huandikwa kwa herufi UV. Miale hiyo ikipiga jicho miaka mingi huchangia mtoto wa jicho, ule ukungu unaofunga mboni, na kile kinyama kinachoota kutoka kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea katikati. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa miale hiyo, na kuanzia 11 kwenda juu huitwa kali kupita kiasi. Karibu na Ikweta, mchana usio na mawingu, kipimo hufika huko mara kwa mara. Mchanga mkavu nao hurudisha kiasi cha asilimia 15 ya miale hiyo, ndiyo maana kofia peke yake haimtoshi mtu wa Diff. Watoto ndio wa kuhurumiwa zaidi, kwa sababu lenzi ya jicho la mtoto hupitisha miale mingi kuliko ya mtu mzima.

Basi hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui: weusi wa kioo na uwezo wa kuzuia UV ni vitu viwili mbalimbali. Kioo cheusi tititi chaweza kupitisha miale hiyo, na kioo kisicho na rangi kabisa chaweza kuizuia. Tena kioo cheusi kisichozuia kina hila yake. Jicho likiwa gizani, mboni hupanuka na mtu huacha kukunja uso. Mlango umefunguliwa wazi, na mlinzi aliyewekwa hapo hazuii mtu. Hapo ndipo miwani mibaya inaweza kuwa hasara kuliko kutovaa miwani.

Kinachotakiwa ni maandishi UV400, maana yake kwamba miale yote hadi urefu wa nanomita 400 inazuiwa. Kuna pia daraja za giza, kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 3, linalopitisha mwanga wa asilimia 8 hadi 18, linafaa kwa jua letu la kila siku. Daraja la 4 ni zito mno. Dereva asilivae barabarani hata mchana. Na usiku asivae lolote.

Lakini aliyeghushi jina atashindwaje kughushi UV400? Hiyo ndiyo dhara kubwa ya bidhaa bandia. Uongo wa jina unaweza kuuona ukitazama vizuri. Uongo wa kioo hauonekani. Mtu aliyekwisha kudanganya kwenye mkono wa miwani, huna sababu ya kumwamini kwenye lebo.

Yapo majaribio machache ya kufanya papo hapo:

Nyosha mkono ukiwa umeshika miwani, utazame kupitia kioo kimoja fremu ya mlango au ukingo wa ukuta ulionyooka. Sogeza miwani juu na chini taratibu. Mstari ukipinda au kutambaa kama nyoka, kioo ni kibovu na kitakuletea maumivu ya kichwa, liwe jina ni la nani.

Ikiwa unaambiwa ni ile ambayo wauzaji huiita polaraizi, ya kuua mng'aro wa lami na maji, tazama skrini ya simu kupitia kioo huku ukizungusha miwani robo mzunguko. Kwa simu nyingi skrini itatiwa giza kisha itarudi. Isipobadilika katika simu mbili tofauti, umeambiwa uongo. Lakini kumbuka kwamba polaraizi huondoa mng'aro tu; si ushahidi wa kuzuia UV.

Kwa UV yenyewe, tafuta dukani taa ya zambarau ya kukagulia noti. Weka noti chini ya taa, uone alama zake zinavyong'aa. Kisha ingiza kioo cha miwani kati ya taa na noti, nawe utazame noti kwa macho yako bila kupitia kioo. Alama zikiendelea kung'aa kama kwamba hakuna kilichowekwa, rudisha miwani kwa mwenyewe. Zikizimika, ni dalili njema, ingawa si hati ya mwisho. Hati ya mwisho iko kwa mtaalamu wa macho mwenye mashine ya kupima vioo, na kazi hiyo humchukua dakika chache. Ukirudi mjini na miwani uliyoinunua safarini, mpitie.

SI KILA RAHISI NI MBOVU

Ni haki pia kusema upande wa pili. Bei ndogo peke yake si kosa. Vioo vya plastiki ngumu iitwayo polikaboneti vina tabia ya asili ya kuzuia miale ya urujuanimno, hata vikiwa vya bei nafuu. Ndiyo kusema jozi isiyo na jina lolote, iliyotengenezwa kwa polikaboneti, ikiuzwa na mtu anayekuambia kwa uwazi ni nini, yaweza kulilinda jicho sawa na ile ya maelfu. Sehemu kubwa ya pesa inayolipiwa jina ni ya jina. Mwanafunzi wa bweni hana haja nalo. Anahitaji kioo kinachofanya kazi, na kofia yenye ukingo.

Kwa hiyo wa kuogopwa si maskini wa jina. Ni mwizi wa jina. Kati ya jozi mbili za shilingi mia tano, moja isiyo na jina na nyingine yenye jina la uongo, chukua ile isiyo na jina. Angalau haijaanza mazungumzo nawe kwa kudanganya.

ADABU YA SOKO

Katika masoko ya kaskazini mashariki namna ya kuuliza ni nusu ya ununuzi. Usimwite mtu mzima warya. Hilo ni neno la kumshtua kijana. Mzee mwite adeer, baba mdogo. Wa rika lako mwite walaal, ndugu. Ukisema kwa utulivu, "Walaal, waa imisa?" yaani ndugu, ni bei gani, umekwisha kupunguziwa kabla ya kuanza kupatana. Halafu uliza swali la pili kwa sauti ya chini, wateja wengine wasisikie: hii ni orijino au ni kopi? Mchuuzi aliyeulizwa mbele ya watu hutetea mali yake. Aliyeulizwa kwa heshima mara nyingi husema kweli, kwa kuwa hata yeye aliuziwa kama kopi.

Neno letu la kughushi lina asili ya Kiarabu, na wafanyabiashara Waislamu wa pwani na wa bara wanakijua kisa chake. Imesimuliwa kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani yake, na vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Kisa hiki kinamwonya muuzaji, lakini kinamfundisha mnunuzi pia: usitazame juu ya chungu tu, tia mkono ndani.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kenya ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008 inamlenga anayetengeneza, anayeingiza na anayeuza. Adhabu ya kosa la kwanza yaweza kuwa kifungo hadi miaka mitano, au faini isiyopungua mara tatu ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Hata hivyo sheria ina mkono mfupi panapoishia lami.

Jambo la mwisho ni kwa wazazi. Tarehe 2 Agosti 2027 kutatokea kupatwa kwa jua. Kaskazini ya Somalia jua litafunikwa lote, na huku Kenya litafunikwa sehemu. Watoto watataka kutazama. Waambieni mapema kwamba hakuna miwani ya jua, ya mia tatu wala ya elfu thelathini, inayofaa kwa kulikodolea jua lenyewe. Kwa hilo huhitajika vichujio maalumu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Kwa siku nyingine zote, iwe Diff, Garissa au Nairobi, toka nayo kwenye mwanga, soma jina, pima kioo, kisha ndipo utie mkono mfukoni. Fremu ikivunjika utanunua nyingine, lakini jicho haliuzwi katika soko lolote.